Nasaba Isiyotolewa Ng'ombe: Mfanyabiashara na Cheo katika Tawasifu ya Tippu Tip, kwa Jicho la Tarime

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kama Tippu Tip, inavyosimulia safari ya mfanyabiashara kutoka kwenye mali hadi kwenye cheo cha utawala. Tukio la Utetera, ambapo mhusika mkuu anajitambulisha kuwa mjukuu wa mwanamke wa ukoo unaotawala, limezoeleka kuulizwa swali moja: je, ni kweli au ni uongo? Makala inapendekeza swali jingine, linalotokana na jamii ya Wakurya wa Tarime ambako nasaba huweza kuundwa hadharani kwa ng'ombe na mashahidi: je, nasaba hiyo ililipiwa nini, na nani alipokea malipo? Kwa kulinganisha tukio hilo na ndoa ya nyumba ntobhu, na pia na vyeo ambavyo wafalme wa Ulaya waliwapa wafanyabiashara wa zama hizo, makala inaonyesha kwamba mtindo wa kidaftari wa matini, unaohesabu karibu kila kitu, unanyamaza mahali pamoja penye uzito: deni la msimulizi kwa mwanamke aliyeuzwa.

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 1887 na 1890, wafanyabiashara watatu waliounganishwa na mikopo na mikataba ya Afrika Mashariki walipokea vyeo kutoka kwa wafalme wa Ulaya. Wa kwanza ni Tippu Tip, aliyeteuliwa Februari 1887 kuwa wali wa Stanley Falls katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Wa pili ni William Mackinnon, Mskoti mwenye meli na kiongozi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Yeye ndiye aliyeongoza kamati iliyogharimia msafara wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha, msafara uleule ambao Tippu Tip aliahidi kuupatia wapagazi. Mwaka 1889 alipewa ubaroneti. Wa tatu ni Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja aliyekuwa akimkopesha Tippu Tip bidhaa za safari. Mwaka 1890 alitunukiwa na Malkia Victoria hadhi ya kuitwa Sir.

Kati ya hao watatu, mmoja tu ameliachia Kiswahili simulizi ya maisha yake. Tippu Tip aliiandika kwa hati za Kiarabu baada ya kurejea Unguja, kwa kuhimizwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliihamishia katika hati za Kilatini na kuichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mnamo 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliitolea tafsiri ya Kiingereza iliyotoka pamoja na matini ya Kiswahili kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1958 na 1959. Tangu hapo matini hii imetumiwa sana na wanahistoria kama ghala la habari za biashara ya pembe na watumwa. Hapa inasomwa kama kazi ya fasihi, yaani kama masimulizi yaliyochagua la kusema na la kuacha.

Hoja inayojengwa ni hii: tawasifu ya Tippu Tip haisimulii kwamba mali inaleta cheo. Inasimulia kwamba cheo hutokana na nasaba, na kwamba nasaba inaweza kupatikana bila kulipiwa. Ili hoja hiyo ionekane, msomaji anahitaji mahali pa kusimama nje ya dunia ya msimulizi. Tarime, katika mkoa wa Mara, ni mahali pa namna hiyo.

2.0 Kwa nini Tarime?

Tarime haimo katika safari za Tippu Tip. Njia yake ilitoka pwani hadi Tabora, ikaelekea kusini na magharibi ya Ziwa Tanganyika, kisha ikaingia Manyema. Kwa hiyo Tarime haitumiki hapa kama ushahidi wa kihistoria juu ya Utetera, wala haidaiwi kwamba Watetera waliishi kama Wakurya. Inatumika kama chimbuko la swali.

Sababu ya kwanza ni kwamba Wakurya hawakuwa na nyumba ya kifalme iliyotawala koo zote. Walijitambua kwa koo kubwa, ibiaro, kama vile Abanyabasi, Abairege, Abanchari, Abatimbaru na Abanyamongo, na kwa marika ya tohara na vizazi ambavyo mtu huzaliwa ndani yake. Mambo ya wazi yalizungumzwa katika mkutano wa hadhara, ritongo. Ya ndani yalishikwa na baraza la siri la wazee, inchama. Machifu waliletwa na utawala wa Wajerumani na kuimarishwa na Waingereza, na Tanganyika huru iliufuta uchifu kisheria mwaka 1963. Hata katika nchi za jirani za Wangoreme, Waikoma na Wanata, ambazo leo zimo wilayani Serengeti, marika yalibeba kazi ambayo kwingine ilibebwa na ikulu. Msomaji aliyelelewa katika jamii ya namna hii hana mazoea ya kuona ukoo mmoja kuwa umezaliwa ili utawale. Anaposoma kwamba mfanyabiashara fulani alikabidhiwa nchi kwa sababu ya bibi yake, hasimami kwa heshima. Anauliza maswali.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kukosekana kwa wafalme hakuna maana ya kukosekana kwa daraja. Huko Tarime mwenye ng'ombe wengi alisikilizwa zaidi ya asiye nao. Ng'ombe walitoa mahari, mahari ikaleta wake, wake wakaleta watoto, na watoto wakakuza mji. Wakurya walioingia jeshi la King's African Rifles, kwa mfano, walirudi na mshahara wa mfalme wa Uingereza wakaugeuza kuwa mifugo na ndoa. Mali, kwa njia hii, hugeuka watu. Lakini mgeuko huo una masharti: hufanyika machoni pa watu, una wazee wanaoujadili, na kuna nyumba upande wa pili inayopokea ng'ombe. Mtu hawezi kuamka asubuhi akadai kuwa ana nyumba ambayo hakuna aliyeona ikijengwa.

3.0 Nyumba ntobhu: nasaba inayoundwa

Mfano ulio wazi kabisa wa masharti hayo ni ndoa iitwayo nyumba ntobhu, ambayo Tarime inajulikana nayo. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke kijana. Huyu huzaa na mwanamume, lakini watoto si wa mwanamume huyo. Ni watoto wa nyumba ya mwanamke aliyetoa mahari. Hubeba jina lake na kurithi mali yake. Nyumba ambayo ingekufa huendelea.

Ndoa hii haipaswi kupambwa. Mwanamke kijana anaweza kuwa ameingia humo kwa sababu baba yake alihitaji ng'ombe, na hiari yake ikawa ndogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, jambo linaloiacha nyumba ntobhu nje ya ulinzi wake pale mgogoro unapozuka. Hata hivyo, kwa uhakiki wa tawasifu, desturi hii ina funzo moja ambalo ni vigumu kulipata kwingine: hapa nasaba ni jambo la kuundwa, na kila mtu anajua kwamba imeundwa, wala hakuna anayeiita uongo. Jirani akiambiwa kwamba mtoto fulani ni mjukuu wa bibi fulani, hatauliza juu ya damu. Atauliza kama ng'ombe walitoka na nani aliwaona.

Swali hilo ndilo linalopelekwa sasa kwenye matini. Halimhukumu Tippu Tip kwa kipimo cha damu, ambacho Mkurya mwenyewe hakitumii katika jambo hili. Linampima kwa kipimo cha malipo na ushahidi.

4.0 Daftari kama mtindo

Kabla ya kufika Utetera, yafaa kutazama namna msimulizi anavyosimulia. Tawasifu inaanza na kijana wa miaka 12 anayetoka kwa safari fupi za sandarusi pamoja na ndugu na wajomba zake wa ukoo wa el Wardi. Haianzi na sifa za ukoo, wala na ndoto, wala na ishara ya kuzaliwa kwa shujaa. Inaanza na mzigo. Kuanzia hapo sentensi zinafuatana kama mistari ya daftari: nani alikopesha, bidhaa za thamani gani, pembe frasila ngapi, bei gani, siku ngapi njiani. Mandhari yanaguswa kidogo. Huzuni na furaha zinatajwa kwa neno moja, kisha hesabu inaendelea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika matini hii daftari lina kazi mbili. Kwanza, linamjenga msimulizi kuwa mtu wa kuaminika, kwa sababu anayekumbuka uzito wa pembe za miaka 30 iliyopita huonekana hawezi kukosea mengine. Pili, linasawazisha mambo yasiyolingana. Vita vya Itabwa dhidi ya mtawala Nsama, vilivyompa sifa kubwa na pembe nyingi mwaka 1867, vinasimuliwa kwa sauti ileile inayosimulia ununuzi wa chakula. Aliyeuawa na aliyeuziwa wanaingia katika safu moja. Majina ya utani nayo yanaingia kama faida ya safari: Tippu Tip, Kingugwa, Mkangwanzara. Kila jina linamwinua, na hakuna linalomgharimu.

Philippe Lejeune, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alieleza kwamba tawasifu husimama juu ya mapatano kati ya mwandishi na msomaji: jina lililo juu ya jalada ni jina la msimulizi na ni jina la mhusika. Katika tawasifu hii mapatano hayo yametiwa muhuri kwa tarakimu. Msomaji haombwi kuamini moyo wa msimulizi, anaombwa kuamini hesabu zake. Kwa hiyo, pale ambapo hesabu inakosekana, msomaji ana haki ya kusimama.

5.0 Utetera: mjukuu anayewasili

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 msafara unaingia nchi inayotawaliwa na mzee Kasongo Rushie. Mtawala huyo alikuwa na dada wawili, Kina Daramumba na Kitoto, waliochukuliwa mateka zamani katika vita na Urua, wakauzwa kwa wafanyabiashara. Tippu Tip anajitokeza na habari: babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir el Wardi, alimpata huko Urua mwanamke aitwaye Daramumba, na kutokana naye akazaliwa mama yake. Yeye, mgeni mwenye bunduki, ni damu ya nyumba hii. Mzee anapokea habari hiyo kwa furaha na kumkabidhi utawala. Baada ya hapo simulizi inarudi upesi kwenye pembe, ambazo sasa zinaletwa kwake na watu wake.

Wanahistoria kwa kawaida wameichukulia nasaba hiyo kuwa hadithi ya kubuni, na matini yenyewe inawaunga mkono kwa njia ya kimya. Katika kurasa za mwanzo wajomba wa el Wardi wanatajwa, lakini bibi wa Utetera hatajwi. Anazaliwa katika simulizi siku ile anapohitajika. Tena anazaliwa ndani ya usemi wa mhusika anayewaambia watu wa Utetera, si ndani ya usemi wa msimulizi anayemwambia msomaji. Msimulizi hakiri kwamba ni hila wala haapi kwamba ni kweli. Anaripoti tu alichosema, kama mfanyabiashara anayeripoti bei aliyotaja sokoni. Mapatano ya tawasifu hayajavunjwa, ila yamekwepwa kwa ustadi.

Uhakiki ukiishia hapo, utakuwa umemkamata mwongo na kurudi nyumbani. Jicho la Tarime linauendeleza. Tuseme nasaba imeundwa. Kuundwa kwenyewe si kosa. Tatizo ni kwamba katika matini iliyojaa hesabu, nasaba hii ndiyo kitu pekee chenye thamani kubwa ambacho hakina upande wa matumizi. Nguo zina bei, baruti ina bei, wapagazi wana ujira, na Taria Topan hasahauliki kama mkopeshaji. Lakini nchi nzima inaingia mkononi bila ya kitu kutoka. Hakuna ng'ombe waliovuka boma. Hakuna nyumba iliyopokea. Marcel Mauss, katika insha yake maarufu ya mwaka 1925 juu ya zawadi, alionyesha kwamba anayepokea amefungwa na deni la kurudisha. Katika Utetera mpokeaji anafunga daftari kabla ya kuandika deni hilo.

Na deni hilo lina jina. Daramumba, awe bibi wa kweli au wa kusimuliwa, ni mwanamke aliyetekwa na kuuzwa katika biashara ileile ambayo mhusika anaiendesha. Utekwaji wake ndio unaomwezesha kupotea. Kupotea kwake ndiko kunakomwezesha mgeni kudai kwamba amerudi ndani ya mwili wa mjukuu. Kama dada wale wangebaki nyumbani, hati ya utawala ya Tippu Tip isingekuwapo. Biashara iliyoivunja nyumba ya Kasongo Rushie inarudi kama urithi wa nyumba hiyohiyo. Ubaya wa tukio hili hauishii kwenye uongo. Unakaa hasa katika kugeuza hasara ya wengine kuwa cheti cha kuzaliwa.

Ulinganisho na baba wa msimulizi, Muhammed bin Juma, unaizidisha tofauti hiyo. Yeye naye aliingia katika jamaa ya watawala, lakini kwa mlango wa ndoa: alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtawala wa Unyanyembe. Ndoa ina wakwe, na wakwe hudai. Mume wa binti wa mtawala hubaki mkwe, mwenye heshima na wajibu kwa nyumba isiyo yake. Mwana hakutaka ukwe. Alitaka umjukuu, kwa maana mjukuu harudishi mahari, hurithi. Kati ya vizazi viwili, mfanyabiashara amehama kutoka uhusiano wenye deni hadi uhusiano usio na deni, na matini inalipita jambo hilo bila kuligusa.

6.0 Mfalme anapotoa cheo

Mwaka 1887 mambo yanageuka. Sasa si mfanyabiashara anayempelekea mtawala mzee nasaba. Ni mfalme wa mbali anayempelekea mfanyabiashara cheo. Stanley anafika Unguja kwa niaba ya Leopold wa Pili. Kituo cha Stanley Falls kilikuwa kimetekwa mwaka uliotangulia na Wazungu wake kukimbia, na mfalme asiye na jeshi la kutosha anaona rahisi kumfanya mpinzani wake kuwa ofisa wake. Tippu Tip anakubali uwali, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi na bendera ya Dola Huru ya Kongo, kisha anapanda meli ya Madura pamoja na Stanley kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa mto Kongo.

Mtu aliyekabidhiwa Utetera kama mjukuu sasa ana mwajiri. Mshahara ni hesabu, na daftari linaweza kuuandika bila taabu. Lakini kwa kuuandika linafichua ukubwa halisi wa cheo. Bwana wa nchi hapokei mshahara wa mwezi. Kwa mara ya kwanza utawala wa Tippu Tip una bei, na bei hiyo ni ndogo kuliko faida ya msafara mmoja mzuri. Leopold amemfanyia alichomfanyia Kasongo Rushie: amechukua nchi kwa maneno. Cheo chenyewe hakikudumu. Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890, na vita vya 1892 hadi 1894 viliondoa nguvu za wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili huko, vikimchukua pia mwanawe Sefu.

Wafanyabiashara wenzake wawili walipitia milango rasmi ya ufalme wa Uingereza, ambao katika miaka hiyo ulikuwa umezoea kuinua mali. Arthur Guinness, wa jamaa ya watengeneza bia wa Dublin, alifanywa Baroni Ardilaun mwaka 1880, na Michael Bass, naye wa jamaa ya watengeneza bia, akawa Baroni Burton mwaka 1886. Mlango huo ulikuwa na desturi zake: mali haikutosha, ilihitaji kuoshwa kwa utumishi, kwa bunge, kwa hisani. Taria Topan alizielewa desturi hizo. Aliyewahi kukodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Unguja, na aliyefuatana na Sultani Barghash Uingereza mwaka 1875, alianzisha mwaka 1887 ujenzi wa jengo la zahanati kwenye ufuko wa Mji Mkongwe, kwa heshima ya jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria. Miaka mitatu baadaye akawa Sir, na mwaka uliofuata akafariki. Hadhi hiyo hairithiwi. Iliondoka naye, na jengo likabaki.

Ubaroneti wa Mackinnon ulikuwa wa kurithiwa, lakini hakuwa na mtoto wa kuurithi. Alipofariki mwaka 1893 cheo kilikoma pamoja naye. Hapa jicho la Tarime linaona kitu ambacho wasomaji wa orodha za makabaila wa Ulaya wanakipita. Katika ufalme wenye nguvu kuliko wote wa zama zile, tajiri mkubwa wa meli hakuweza kufanya kile ambacho mwanamke mgumba wa Tarime mwenye zizi la wastani aliweza kukifanya: kuifanya nyumba yake iendelee baada yake. Ufalme ulimpa jina lakini haukumpa njia ya kulikabidhi, kwa sababu ulikuwa umeifunga nasaba kwenye damu peke yake. Mwanamke wa nyumba ntobhu aliifunga kwenye ng'ombe, kwenye mashahidi, na kwenye tumbo la mwanamke mwingine.

Maneno haya ya mwisho yanazuia sifa kupita kiasi. Hata huko Tarime kuna mwanamke ambaye mwili wake unabeba gharama ya jina la mwingine. Tofauti iliyopo, nayo si ndogo, ni kwamba gharama hiyo inaonekana. Ng'ombe wa mahari wanajulikana idadi na rangi. Mwanamke kijana akidhulumiwa, kuna watu wanaojua alitoka wapi, nani alipokea, na nani adaiwe. Daramumba hana mtu wa kumdai.

7.0 Pingamizi na majibu

Inaweza kupingwa kwamba kumsoma Tippu Tip kwa desturi ya Wakurya ni kumhukumu mtu wa pwani kwa sheria ya ugeni. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama pwani yenyewe isingekuwa na swali hilohilo. Uungwana wa pwani ulidai nasaba, lakini ulidai pia mwenendo, na msemo kwamba uungwana ni vitendo unasikika hadi leo. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ulikwishayatazama magofu ya matajiri wa Pate na kuuliza mali na majumba vimewafaa nini wenyewe. Kwa hiyo Tarime haileti kipimo kigeni. Inaleta namna ya wazi zaidi ya kukitumia kipimo ambacho fasihi ya Kiswahili inacho.

Pingamizi la pili ni kwamba ukimya wa matini unaweza kuwa ukimya wa Brode, aliyeihimiza na kuichapisha, au wa umri wa mwandishi, aliyefariki mwaka 1905. Hilo halikataliki. Lakini matini iliyokumbuka pembe kwa frasila haikukosa kumbukumbu. Ilikosa safu ya kuandikia kitu cha namna ile. Hilo ni jambo la umbo kuliko la umri, na umbo ndilo uwanja wa mhakiki.

8.0 Hitimisho

Tawasifu ya Tippu Tip imekuwa ikisomwa ama kama ushujaa wa mtoto wa Unguja aliyefika asikofika mwingine, ama kama shitaka dhidi ya mfanyabiashara wa watumwa. Masomo yote mawili yanamtazama mhusika. Makala hii imetazama daftari lake na kuonyesha kwamba kupanda kwake kutoka mkopo wa Taria Topan hadi utawala wa Utetera kunategemea mstari mmoja ambao haukuandikwa. Vyeo vya Leopold na Victoria vinausaidia mstari huo uonekane: kila mfalme alitoa jina kwa bei fulani, na kila jina lilikatika mapema kuliko mali iliyolitafuta.

Kwa mwanafunzi anayeisoma matini hii darasani, hasa aliyezaliwa mbali na ikulu za pwani na za Ulaya, matokeo ni ya vitendo. Swali la kweli au uongo linamweka nje, likimwachia mwanahistoria jibu. Swali la malipo linamwingiza ndani, kwa sababu amelisikia nyumbani kila mahari inapozungumzwa. Akilipeleka kwenye ukurasa wa Utetera, atamkuta mjukuu, atamkuta mzee anayefurahi, atazikuta pembe zimehesabiwa sawasawa. Kisha atamtafuta bibi, na hatamwona akipewa neno hata moja. Hapo ndipo uhakiki wa matini hii unapaswa kuanzia.